Pumzi Uliyonificha

Masika mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda kwa shangazi yako kuaga, nami nimesingizia goti. Goti langu leo haliumi kuliko siku nyingine. Nilitaka tu nibaki peke yangu nione nyumba hii itakuwaje ukishaondoka kwenda shule, na tangu mtoke nimekaa hapa mezani nikisikiliza ukuta wa chumba chako kama mjinga. Kuku wanaingia bandani, jirani anatwanga majani ya muhogo ya sombe, na upande wako hakuna kitu. Sikuipenda hali hii hata kidogo, kwa hiyo nimechukua kalamu.

Habari za sweta, sabuni na namna ya kuficha pesa kwenye kamyo, lile lori la kesho, mama yako amekwisha kukuambia, na najua atakuambia tena kesho ukiwa umeshapanda. Habari za barieri, vile vizuizi vya askari kutoka hapa Beni mpaka Lubero, hakuna anayezijua vizuri, maana askari wa leo si wale wa jana. Mimi nataka kuzungumza nawe juu ya pumzi yako. Usicheke. Miaka hii yote nimekuuliza “Kifua kiko namna gani?” asubuhi na jioni, mpaka rafiki zako wakanipa jina la Papa Kifua, wakidhani sisikii.

Kuna neno mama yako aliniambia juzi, na ndilo lililonikalisha hapa. Nitalifikia. Ngoja kwanza nianzie mbali kidogo, kwa sababu neno lenyewe linaniuma.

Kule kwetu juu ya Lubero hukumbuki vizuri, ulikuwa mdogo. Milima imesimama, ukungu haukubali kuondoka, na barabara ya gari iko mbali chini bondeni. Mtu akiugua, wanaume wa mtaa walimbeba kwa kipoyi, ile machela ya miti miwili mirefu iliyosukwa kamba katikati. Kila nyumba ilitoa mwanaume kwa zamu. Aliyekwepa zamu alijua kwamba siku yake ikifika hatapata mabega ya kumbeba.

Mimi nilibeba upande wa kichwa. Ilikuwa heshima. Wengine wanaangalia njia, wa kichwani anasikiliza mgonjwa. Nilibeba watu wa malaria ambao pumzi zao zilikwenda mbio kwa sababu ya homa. Nilibeba wanawake wa uchungu wa kuzaa, wanahema sana, wanatulia, wanahema tena. Nilibeba mzee mmoja aliyeanguka mtini, uso wake umetulia kabisa na anatuambia yuko salama, huku pumzi zake zikiwa fupi na za haraka, kumbe damu ilikuwa inamwishia ndani. Nikaanza kujivunia sikio langu. Baba yako mdogo Kambale, aliyekuwa akibeba upande wa miguu, alikuwa akiwaambia watu, “Muulize Paluku, ye anasikia mutu mpaka ndani.” Niliamini maneno hayo kupita kiasi.

Mwaka ule waasi walipopita kijijini kwetu tulilala jikoni sote, mlango umefungwa na dirisha limezibwa kwa magunia ya maharagi ili mwanga wa moto usionekane nje. Baridi ilikuwa kali na wewe ulikuwa unakohoa. Niliongeza kuni ili upate joto, na kuni zilikuwa mbichi, za mkaratusi. Moshi ukajaa. Mama yako akasema tufungue kidogo, nikakataa, nikasema afadhali moshi kuliko risasi. Kama nilikosea hapo, hata leo sijui. Ninachojua ni kwamba kulipokucha ulikuwa unavuta hewa kwa mabega, ngozi ya chini ya koo inaingia ndani kila unapovuta, na kifua kinapiga mluzi.

Kituo cha afya cha kijijini kilikuwa kimeporwa dawa zote. Tulipaswa kukupeleka kwa wauguzi wa misheni, upande wa pili wa mlima. Nikaita wenzangu, tukaleta kipoyi.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana jambo hili hatujawahi kuzungumza sawasawa. Kule milimani mgonjwa hufungwa kwenye kipoyi. Njia inateleza, na mgonjwa akigeuka ghafla anawaangusha waliombeba. Analazwa chali, anafungwa kifuani, tumboni na magotini, kisha anafunikwa blanketi mpaka usoni kwa sababu ya ukungu. Ndivyo tulivyomfanyia kila mtu, na ndivyo tulivyokufanyia wewe. Ulipigana. Ulikuwa kitoto kidogo lakini ulipigana na ile kamba mpaka ukaumia kucha. Uliniambia, maneno yamekatikakatika, “Papa... nikae.” Nikakujibu, “Lala, mama, lala, tunafika.” Nikakaza kamba, nikadhani ni woga wa askari unaokusumbua.

Mwanzoni nilikusikia vizuri. Pumzi zilikwenda mbio na mluzi juu yake. Tulipoanza kupanda, mluzi ukapungua. Ukapungua tena. Ukaacha kupigana. Masika, nilifurahi! Nilimwambia Kambale, “Amelala. Kifua kimefunguka.” Mimi mwenyewe nilikuwa nahema kwa ule mlima, nikaona wewe unahema kidogo kuliko mimi, nikashukuru.

Mama yako alikuwa nyuma yetu na kikapu cha viazi mgongoni, kamba ya mzigo imepita kwenye paji la uso, macho chini kama wanawake wa kwetu wanavyotembea na mzigo. Mpaka leo hajui ni nini kilimsukuma. Alitupa kikapu, viazi vikaviringika bondeni, akaja akafunua blanketi.

“Munafunga mutoto sawa mbuzi ya soko!” akapiga kelele. “Mufungue! Ile hapana usingizi, mutoto anaisha!”

Nikamjibu, na jibu hili linanifuata popote, “Lakini anapumua muzuri. Namusikia.”

“Unasikia nini? Angalia mudomo yake!”

Midomo yako ilikuwa na rangi ya majivu. Hewa iliyokuwa inapita kifuani mwako ilikuwa ndogo mno hata kupiga mluzi haikuweza. Nami niliusikia ukimya huo nikauita usingizi. Kambale alikata kamba kwa panga. Hukungoja tukukalishe, ulikaa mwenyewe, ukaegemeza mikono magotini, ukainama mbele, na ukavuta hewa kwa sauti mbaya ambayo niliipenda kuliko wimbo wowote wa kanisani. Mluzi ukarudi. Tangu kule jikoni mwili wako ulikuwa unajua namna unavyotaka kukaa, ulikuwa umeniomba, na mimi nikaufunga. Nilitaka kukuomba msamaha palepale lakini hapakuwa na nafasi.

Kipoyi hakibebi mtu aliyekaa. Mama yako akafungua kikwembe chake cha juu akaniambia, “Inama.” Wewe unajua wanaume wa kwetu. Mwanaume anaweza kubeba gunia, mbao, hata maiti, lakini kufungwa mtoto mgongoni kwa kikwembe kama mama, hilo hapana. Niliinama. Alikufunga juu mgongoni mwangu, kifua chako kimesimama, na wale wanaume wote wakaanza kutazama pembeni kana kwamba nimevuliwa nguo. Kambale peke yake ndiye aliyesema, “Paluku, siku utaanza kunyonyesha, utatuambia.” Mama yako alicheka huku machozi yanamtoka. Nikakupandisha mlima hivyo.

Karibu na misheni tukakuta barieri, kamba iliyofungwa kati ya miti miwili na vijana wenye bunduki. Mmoja akaja mbele yangu.

“Papa, mwana azali na nini?”

Kilingala changu ni cha muziki tu, lakini hilo nililielewa, aliuliza mtoto ana nini. Nikamwambia mtoto ni mgonjwa. Akaanza kufoka kwamba nifungue kikwembe, aone nimeficha nini humo. Niliogopa sana. Nilisimama kama niko mtulivu, lakini pumzi yangu ikaanza kukimbia, na hapo nikakusikia mgongoni. Ya kwako ilikimbia pamoja na yangu. Mbavu zako zilikuwa zimelala juu ya mbavu zangu. Shavu lako lilikuwa kwenye shati langu na hukuwa unamwona yule askari hata kidogo, ulikuwa unaisikia hofu kupitia mgongo wangu. Mluzi ukapanda juu, na nikajua kwamba nikiendelea kuhema hivi nitakuua kwa mara ya pili siku hiyohiyo.

Moyo wangu niliujaribu, ukakataa kunisikia. Jasho halikunisikia. Lakini pumzi ni kitu cha ajabu, mwanangu. Inakwenda yenyewe usiku kucha bila kutuuliza, inapanda ukikimbia, inapanda ukiwa na homa, inapanda ukiogopa, inashuka ukilala, yote hayo bila ruhusa yetu, na bado ukiishika inakubali kushikwa. Nikaitoa yote polepole, nikangoja, nikavuta. Nikaitoa tena. Yule kijana alikuwa anapiga kelele na mimi simjibu, akadhani nimekuwa bubu. Mwanzoni hukunifuata. Kisha nikahisi mbavu zako zinashuka wakati zangu zinashuka, kwa shida, kwa kukwama, lakini zinashuka.

Askari akasogea. Nadhani alikuja kukivuta kile kikwembe mwenyewe, ndipo akausikia mluzi. Akasimama akiwa ameinamisha kichwa karibu na mgongo wangu, akisikiliza.

“Petite yangu, mudogo wangu, iko na ile,” akasema, sasa kwa Kiswahili. “Pita, papa. Pita mbio.”

Nikapita. Mbio sikwenda, kwa sababu ungekwenda mbio nami.

Muuguzi wa misheni alikuchoma sindano, akakuacha umekaa, akakuonyesha kutoa hewa kwa midomo iliyobana kama mtu anayepoza uji. Alisema hewa yako inaingia lakini inashindwa kutoka, na kwamba baridi, moshi na vumbi la maharagi ndivyo vinavyokubana. Akasema huko chini kwenye joto huenda ukapata nafuu. Kwa lile “huenda” nilimwachia Kambale mashamba yangu ya viazi, tukashuka Beni. Sijawahi kujuta kwa hilo, ingawa viazi vya hapa havina ladha.

Ninachojutia ni nilichofanya baadaye.

Sikio lililokosa siku moja sikuliamini tena, basi nikaanza kulitumia kutwa kucha. Nilikukataza mpira wa kamba. Nilikukataza kwaya kwa sababu ya vumbi la kanisani. Unakumbuka siku ile ya mashindano ya shule? Ulikimbia, ukafika wa pili, ukainama pale umeshika magoti na unahema, na mimi nikaona mlima wa Lubero. Nikaingia uwanjani mbele ya shule nzima nikakunyanyua. Ulipiga mateke. Ulisema, “Papa, niache! Hii ni ya mbio, hapana ya ugonjwa!” Nikakubeba mpaka nyumbani, na tulipofika mlangoni pumzi yako ilikuwa imetulia zamani, ila mimi ndiye niliyekuwa nahema. Ulilia siku hiyo, na hukulia kwa sababu ya kifua.

Ulikuwa na haki. Nimeifikiria sana ile sentensi yako. Pumzi ya mbio ina sababu yake, na ukikaa inashuka taratibu bila kuombwa. Ile nyingine haijali kama umekaa au umesimama, inaendelea, na ndiyo inayotaka watu wa kukusaidia. Ulikuwa unajua tofauti hiyo ukiwa mtoto. Mimi mtu mzima, mbeba kipoyi, niliziweka zote kwenye gunia moja kwa sababu niliogopa.

Sasa lile neno. Juzi nilimwambia mama yako, kwa majivuno kidogo, kwamba tangu masika yaliyopita hujapata shida hata mara moja, kwa hiyo labda Lubero haitakuwa mbaya. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata macho.

“Anapata,” akasema. “Anaenda kupumulia nyuma ya choo, ili usisikie. Na usiku anakoholea ndani ya mto.”

Niliacha chakula, Masika. Miaka yote nimelala na sikio ukutani, nikisikia ukimya, nikishukuru, na kumbe ni ukimya uleule wa kwenye kipoyi. Safari hii kamba sikuifunga kwa mikono. Niliifunga kwa kukufuatafuata, kwa kukuaibisha, kwa kukunyang’anya kila kitu ulichokipenda kila mara kifua kilipolia. Ulijifunza kwamba ukiumwa utapoteza kitu, ukaona heri unyamaze. Hilo nilikufundisha mimi, baba yako, na linaniuma kuliko ile siku ya mlimani. Siku ile angalau ulikuwa umeniomba.

Kwa hiyo ninaogopa, na sioni haya kukuandikia. Askari wa njiani nawaogopa, lakini si kama ninavyoogopa usiku mmoja wa baridi huko bweni, wewe umekaa kitandani, kifua kimebana, wasichana wengine wamelala, na unauchukua mto kama ulivyozoea hapa. Nakuomba usifanye hivyo. Mwamshe aliye karibu. Mwamshe hata yule mnayegombana naye, hata masista wote na padri wao. Kaa, inama mbele, poza uji wako, na acha wakusikie. Kama baadaye watakucheka au kukupa jina, mwambie baba yako alipewa pia na hakufa.

Najua ulipopata nafasi kwenye shule ya wauguzi mimi nilisema hapana kabla hujamaliza kusoma ile karatasi. Nilisema hewa ya kule itakumaliza. Ukanijibu, “Papa, ni kule walinikalisha. Nataka nikalishe bengine.” Nilitoka nje nikajifanya natazama mbuzi. Basi nenda.

Huko juu hewa ni nyepesi kuliko ya hapa. Siku za kwanza utapanda vile vilima na kuhema kama bibi kizee, na wasichana waliotoka Eringeti watahema pamoja nawe, maana nao ni watu wa chini. Usiogope. Ni mwili unajazia kinachopungua, na baada ya muda utazoea, wenyeji watasahau kuwa ulikuja na joto la Beni. Ukisikia bunduki mbali pumzi itapanda, hiyo nayo ni haki yake, ishike kidogo tu. Ukipenda mtu itapanda pia, hiyo mama yako atakueleza. Wewe unazijua zote kuliko mimi. Nilipaswa kukuuliza badala ya kukusikiliza ukutani.

Ninawasikia sasa. Mko chini kwenye njia ya chemchemi, mama yako anakuambia usikimbie, na wewe umeshaanza kukimbia, kama kila jioni, mpaka uani kwetu. Umesimama kando ya pipa la maji. Unahema kwa nguvu, nakusikia kutoka hapa mezani. Siku zote muda kama huu ningekuwa nimefika mlangoni na lile swali langu.

Nimeshika meza kwa mkono wa kushoto. Bado unahema. Hakuna mluzi, au pengine upo na sikio langu halifiki, sijui. Inapungua. Umechota maji, umekunywa, umemwambia mama yako kitu naye amecheka. Inashuka yenyewe, na mimi sijainuka kwenye kiti.

Papa Kifua